Kinanda Hakitumi Sauti: Historia ya MIDI, Lugha Iliyozaliwa na Washindani

Jumamosi moja jioni nilikuwa chumbani na piano ya kidijitali isiyo yangu, kompyuta mpakato iliyo yangu, na waya wa kuchajia simu. Piano ni ya kwaya. Mwalimu wa kwaya alikubali nikae nayo siku mbili ili nimrekodie sauti nne za wimbo mpya, kila sauti peke yake, watu wakajifunzie nyumbani kwa simu zao. Nikachomeka waya, nikafungua programu ya muziki, nikabonyeza kitufe. Piano ikalia. Kompyuta ikanitazama tu.

Baada ya saa nzima ya kuhangaika, kompyuta ikaiona piano, lakini sasa kila noti ikawa inalia mara mbili, ya pili ikichelewa kidogo kama mwangwi. Nikaingia kwenye menyu ya piano, nikabadilisha kitu kimoja nilichokisoma mahali, na piano ikanyamaza kabisa. Taa zinawaka, vitufe vinashuka, sauti hamna. Hapo jasho lilinitoka kweli, maana kesho yake asubuhi ilitakiwa iwe kanisani.

Piano haikuwa imekufa. Ilikuwa inanitii. Karibu kila kilichonisumbua usiku ule kina asili moja: maamuzi yaliyofanywa na watu wachache kati ya mwaka 1981 na 1983, wakiwa Marekani na Japani, wakati kompyuta ya nyumbani ilikuwa bado kitu cha ajabu. Maamuzi hayo yanaitwa MIDI. Na ukiijua historia yake, yale matatizo yanaanza kujieleza yenyewe.

Enzi ya kila kampuni na lugha yake

Turudi miaka ya 1970. Vinanda vya umeme vya wakati huo, vile vinavyotengeneza sauti kwa saketi na kuitwa sinthesaiza, viliweza kuunganishwa kwa waya. Waya ulibeba volti: volti ikipanda, noti inapanda. Wazo zuri, ila kila kampuni ilikuwa na hesabu yake. Mfumo wa Moog ulisema volti moja inapoongezeka, noti inapanda oktavu moja. Korg na Yamaha walitumia hesabu nyingine, ambapo kila oktavu inahitaji volti iongezeke maradufu. Ukichukua waya kutoka kinanda cha upande mmoja ukachomeka cha upande mwingine, unapata kelele isiyo na tuni.

Mwaka 1978 kampuni ndogo ya California, Sequential Circuits, ilitoa Prophet-5, sinthesaiza iliyokuwa na kompyuta ndogo ndani yake ya kukumbuka sauti ulizozitengeneza. Kuanzia hapo vinanda vikaanza kuwa na akili ya kidijitali. Ungedhani sasa vitaelewana. Hapana. Roland wakatengeneza njia yao ya kuunganisha vinanda vyao, Oberheim ya kwao, na wengine wakafuata mkondo huohuo. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Nyasi hapa alikuwa mwanamuziki, aliyelazimika ama kununua kila kitu kutoka kampuni moja ama kupiga kila kinanda kwa mikono yake.

Fundi saa wa Osaka na mhandisi wa California

Ikutaro Kakehashi alizaliwa Osaka mwaka 1930, akafiwa na wazazi akiwa bado mtoto mdogo. Alianza maisha kwa kutengeneza saa na redio, kisha akaingia kwenye ala za muziki za umeme. Mwaka 1972 alianzisha kampuni ya Roland.

Mwaka 1981, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki Marekani, Kakehashi alimfuata Tom Oberheim, ambaye ni mshindani wake, akamwambia kwamba wote wanahitaji lugha moja. Oberheim akamwelekeza kwa Dave Smith, mwanzilishi wa Sequential Circuits. Smith naye ni mshindani. Novemba mwaka huohuo Smith na mwenzake Chet Wood waliwasilisha pendekezo mbele ya chama cha wahandisi wa sauti, jijini New York. Waliliita kiolesura cha jumla cha sinthesaiza.

Ingeweza kuishia hapo, kama mapendekezo mengi ya kitaaluma tunayoyajua sisi wanafunzi: unawasilisha, watu wanapiga makofi, wanaenda kunywa chai. Kampuni nyingi za Marekani hazikuonyesha hamu. Waliobaki mezani walikuwa Sequential kwa upande mmoja na kampuni nne za Japani kwa upande wa pili: Roland, Yamaha, Korg na Kawai. Maboresho yakaenda na kurudi kati ya pande hizo mbili za bahari ya Pasifiki.

Januari 1983, kwenye maonyesho ya NAMM huko Anaheim, California, waliweka vinanda viwili karibu: Prophet-600 ya Sequential na Jupiter-6 ya Roland. Waya mmoja katikati. Mtu akabonyeza kitufe kwenye kimoja, na kingine kikalia. Agosti mwaka huo toleo la kwanza la kanuni, MIDI 1.0, likachapishwa.

Sasa sikiliza jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote. Hawakuitoza ada. Kampuni yoyote, hata iliyozaliwa jana, ingeweza kuichukua MIDI na kuiweka kwenye kinanda chake bila kuwalipa Smith wala Kakehashi. Walikuwa wanauziana sokoni kila siku, lakini lugha yenyewe wakaiacha iwe mali ya wote.

Amri, si sauti

Hapa ndipo wengi wetu tunakosea, na mimi nilikosea: ndani ya waya wa MIDI hakuna muziki. Hakuna sauti hata kidogo. Kuna namba tu.

Ukibonyeza ile C ya katikati ya piano, kinachopita ni namba tatu, mathalani 144, 60, 90. Ya kwanza inasema "washa noti, chaneli ya kwanza". Ya pili inasema noti gani, na 60 ndiyo C ya katikati. Ya tatu inasema umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Ukiachia kitufe, amri nyingine inasema zima. Pedali ya kurefusha sauti nayo ina namba yake, 64. Piano kamili yenye vitufe 88 inaanzia noti namba 21 na kuishia 108.

Ni sawa na tofauti kati ya kumtumia mtu pilau na kumtumia maelezo ya kulipika. Maelezo ni mepesi mno. Dakika tatu za sauti kwa ubora wa CD ni takribani baiti milioni 32. Wimbo wa piano wa dakika hizohizo wenye noti 1,500, ukiandikwa kama amri za MIDI, unakaa kwenye baiti kama 12,000. Ndiyo maana milio ya simu za mwanzoni mwa miaka ya 2000, ile iliyokuwa inapiga ala kadhaa kwa pamoja, mara nyingi ilikuwa mafaili ya MIDI. Simu yenye nafasi finyu haikuweza kubeba wimbo, lakini iliweza kubeba maelezo ya wimbo.

Hasara yake ni kwamba pilau linategemea mpishi. Faili lilelile la MIDI linaweza kusikika kama ukumbi wa tamasha kwenye kompyuta moja, na kama mwanasesere wa betri kwenye nyingine.

Kwa nini 127, kwa nini 16, kwa nini 31,250

Ukifungua programu yoyote ya muziki leo utakutana na namba hizi, na hazikushuka kutoka mbinguni. Zilitokana na kubana matumizi.

Kila baiti ina biti nane. Waundaji wa MIDI walichukua biti ya kwanza kuwa alama: ikiwa 1, hii ni amri, ikiwa 0, hii ni maelezo ya amri. Kwa hiyo maelezo yakabakiwa na biti saba, ambazo zinakupa namba 128, kuanzia 0 hadi 127. Nguvu ya kidole chako ikapewa ngazi hizo tu. Kwenye baiti ya amri, biti nne ziliwekwa kutaja chaneli, na biti nne zinatoa machaguo 16. Ndiyo maana chaneli ni 16, si 20.

Kasi ni biti 31,250 kwa sekunde. Inaonekana namba ya ajabu, lakini ukigawanya milioni moja kwa 32 unaipata kamili, na saa ya megahazi moja ndiyo iliyokuwa ya kawaida kwenye chipu za bei nafuu wakati huo. Pendekezo la mwanzo la Smith lilikuwa la kasi ya chini zaidi, 19,200.

Plagi walichagua ile ya duara yenye pini tano, iliyokuwa tayari imejaa kwenye redio na rekoda za kaseti za Ulaya. Ilikuwa rahisi na inapatikana. Ndani yake wakaweka ujanja mmoja mzuri: umeme wa kinanda kimoja haugusi umeme wa kingine. Upande wa kupokea kuna kijitaa kinachowaka na kuzima, na jicho la umeme linalokisoma. Taarifa inavuka kama mwanga, na mngurumo unaotokana na vyombo kuunganishwa umeme hauvuki.

Kila kitu kilikuwa cha bei ya chini kwa makusudi, kwa sababu kama MIDI ingepandisha sana bei ya kinanda, hakuna mshindani ambaye angekubali kuiweka.

Kompyuta inaingia mezani

Lugha ya namba ina faida ambayo hata waliokuwa wanaunganisha kinanda na kinanda hawakuhitaji kuieleza sana: kompyuta inaielewa bila mkalimani. Mwaka 1985 Atari walitoa kompyuta ya ST ikiwa na matundu ya MIDI tayari. Studio nyingi za Ulaya zikaikimbilia. Huko Hamburg, Karl Steinberg na Manfred Rürup walikuwa wameanzisha kampuni ya programu za muziki, na mwaka 1989 wakatoa Cubase kwa ajili ya Atari hiyo. Sasa ungeweza kupiga, kuona noti zako kwenye skrini, kusahihisha kidole kilichoteleza, na kumwamuru kinanda arudie.

Bado kompyuta ilikuwa karani tu. Sauti ilitoka kwenye vinanda. Kadiri kompyuta zilivyopata nguvu, ala zenyewe zikahamia ndani. Steinberg walileta mfumo wa VST mwaka 1996, na ala za programu zikafuata. Mwaka 1997 Mbelgiji mmoja, Didier Dambrun, alitoa programu ndogo ya kupanga ngoma iitwayo FruityLoops. Mwanzoni ilikuwa ya kutuma amri za MIDI tu. Leo tunaiita FL Studio, na ukiingia kwenye studio ya chumba kimoja Dar es Salaam, kuna uwezekano mkubwa utaikuta imefunguliwa.

Mwaka 1999 ikaja kanuni ya kupitisha MIDI kwenye USB. Angalia vizuri: lugha haikubadilika. Ni 144, 60, 90 ileile, imefungwa kwenye bahasha ya USB. Kwa hiyo waya wako wa leo unabeba maneno ya 1983.

Turudi kwenye Jumamosi ile

Basi tuyachukue matatizo yangu moja baada ya jingine, huenda na wewe yakakukuta.

La kwanza, kompyuta haikuiona piano. Piano nyingi zina matundu mawili ya USB. Lile bapa ni la kuchomeka flashi. Hapo piano ndiyo bwana na flashi ndiyo mtumishi. Lile la mraba ni la kompyuta. Hapo kompyuta ndiyo bwana. Waya wangu wa simu ulikuwa umeingia kwenye tundu bapa. Nikawa nimekutanisha mabwana wawili, kila mmoja anasubiri mwenzake ajitambulishe kama mtumishi. MIDI ya zamani haikuwa na ubwana huu, ilikuwa na matundu ya kutoka na kuingia tu. USB ndiyo iliyouleta. Dawa yake ilikuwa waya wa printa, ambao nilikwenda kuuazima kwa jamaa wa steshenari akiwa anafunga duka. Kisha ndani ya programu nikachagua piano kwenye orodha ya vyanzo vya MIDI. Hatua hiyo ya pili watu wengi huisahau.

La pili, noti mbili na ule ukimya. Kwa macho ya MIDI, piano yako ni vitu viwili vilivyokaa kwenye kasha moja: vitufe vinavyotoa amri, na mashine ya sauti inayozipokea. Nilipobonyeza, amri ilikwenda kwenye mashine ya sauti ya piano, na nakala ikaenda kwenye kompyuta, nayo ikapiga piano yake. Wote wawili walikuwa wanatii. Kwenye menyu kuna kitu kinaitwa Local Control. Ukikizima, unakata kiungo cha ndani kati ya vitufe na mashine ya sauti. Mimi nilikizima, ila nilikuwa nimeshafunga programu kwenye kompyuta. Kwa hiyo vitufe vilitoa amri ambazo hakuna aliyekuwepo kuzisikia. Nilipofungua programu tena, sauti ikarudi, safari hii moja tu. Kabla ya kuirudisha piano nilihakikisha mara tatu kwamba nimewasha tena.

La tatu, kuchelewa. Nilidhani ni MIDI kuwa ya kizamani. Tupige hesabu. Namba tatu za noti moja, kila moja ikichukua biti 10 pamoja na za kufungua na kufunga, ni biti 30. Kwa kasi ya 31,250, hiyo ni kama milisekunde moja. Sauti hewani husafiri sentimita 34 hivi kwa muda huo. Kumbe aliyechelewa ni kompyuta. Kabla ya kutoa sauti huwa inajaza ndoo ya sampuli ili isikatikekatike. Ndoo yangu ilikuwa ya sampuli 1,024. Kwa sampuli 44,100 kila sekunde, ni milisekunde 23, na hapo hujajumlisha ucheleweshaji mwingine. Nilipoishusha hadi 128, ikawa karibu milisekunde tatu. Kama unatumia Windows, tafuta kiendeshi cha aina ya ASIO kwanza, maana bila hicho ndoo ndogo mara nyingi haitakusaidia.

Noti iliyokosa namba

Ningeweza kuishia hapa tukafurahi. Lakini kuna upande wa pili wa hadithi hii, na unatuhusu.

Tazama tena ile orodha: 60, 61, 62, 63, 64. Kila namba ni kitufe kimoja cha piano. Kati ya 63 na 64 hakuna kitu. Kwa mpiga piano ni sawa kabisa. Sasa mpelekee orodha hiyo mpiga udi wa Zanzibar. Taarab ilirithi maqamu za Kiarabu, na kwenye maqamu ya Rast, ukiianza kwenye C, noti ya tatu inakaa kati ya 63 na 64. Udi unaifikia, fidla inaifikia, koo la mwimbaji linaifikia. Namba haipo.

Njia za kuzunguka zipo. Kuna amri ya kupinda noti, yenye ngazi 16,384, lakini inapinda noti zote za chaneli kwa pamoja. Kuna vinanda vilivyotengenezwa kwa soko la Waarabu vyenye vibonyezo vya kushusha noti robo toni. Mwaka 1992 kanuni ya kubadili tuni kupitia MIDI ilipitishwa, ingawa si kila chombo kinaifuata. Ila zote hizo ni viraka. Kanuni yenyewe ilianza na kinanda, kwa sababu waliokuwa mezani walikuwa wauza vinanda. Mwanasayansi wa kompyuta Jaron Lanier, kwenye kitabu chake cha mwaka 2010, alitumia MIDI kama mfano wa namna uamuzi mmoja wa kiufundi unavyoweza kufungia fikra za watu kwa miongo.

Sisemi Kakehashi na Smith walikuwa na nia mbaya. Nasema ukimya wao kuhusu noti kati ya 63 na 64 uliingia kwenye kila kinanda kilichofuata. Mtoto anayejifunza taarab kwa kinanda cha kawaida anaweza kukua akidhani noti ya babu yake ilikuwa kosa la tuni.

Miaka arobaini baadaye

Mwaka 2018 ulipitishwa utaratibu uitwao MPE, unaoipa kila noti chaneli yake ili iweze kupindwa peke yake. Januari 2020 ikapitishwa MIDI 2.0. Nguvu ya kidole sasa inaweza kuwa na ngazi 65,536 badala ya 128, kila noti inaweza kubeba tuni yake, na vyombo viwili vinaweza kuulizana "wewe unaweza nini?" kabla ya kuanza kazi. Na wakihitaji, wanarudi kuongea ile lugha ya zamani, ili kinanda cha 1983 kisiachwe nje.

Mwaka 2013 Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi kwa kazi hii. Lakini kinachonigusa zaidi kilitokea miaka miwili baadaye. Sequential ilikuwa imeshanunuliwa na Yamaha tangu 1987, na Smith alikuwa amepoteza haki ya jina la kampuni aliyoianzisha. Mwaka 2015 Yamaha walimrudishia jina hilo, na aliyesaidia kuwashawishi ni Kakehashi, mshindani wa wote wawili. Kakehashi alifariki mwaka 2017, Smith mwaka 2022.

Jumapili asubuhi piano ilikuwa kanisani kwa wakati. Sauti nne nilizituma kwenye kundi la kwaya, na faili la MIDI nikamtumia mwalimu peke yake. Akaniuliza, hili mbona dogo hivi, halijakatika? Nikamwambia halijakatika, Mwalimu. Hiyo siyo sauti, ni maelezo. Akalifungua kwenye kompyuta yake, akashusha tuni nzima ngazi mbili kwa sababu soprano walikuwa wanalalamika, akapunguza mwendo, akanirudishia ndani ya dakika kumi. Hilo huwezi kulifanya kirahisi kwa sauti iliyokwisha kurekodiwa.